Muhuri wa Mjane Katika Kopo la Chai

Maiti haikuwepo. Kilichokutwa kimelala sakafuni katika chumba cha semina cha Idara ya Historia, hapa Lahore, asubuhi ya siku ya warsha, kilikuwa kopo la majani ya chai. Lilikuwa tupu. Mfuniko wake ulikuwa umebingirika hadi chini ya kiti cha mwenyekiti.

Inspekta Naheed Gondal alilichuchumalia kwa heshima zote anazostahili marehemu.

"Kimeibwa nini? Chai?"

"Muhuri, Afande," alijibu Sadaf, mwanafunzi wa uzamivu, macho mekundu. "Muhuri wa shaba, wa kale. Na si wangu."

Ulikuwa wa bibi kizee wa Mji wa Ndani, ule mji wa kale wenye kuta, ambaye ukoo wake uliuficha vizazi na vizazi. Alimwazima Sadaf mpaka siku ya warsha. Jioni ile mjukuu wake angekuja kuuchukua.

"Nitamwambia nini bibi wa watu? Na bila muhuri, makala yangu ya kisima cha kale ni porojo tu."

Inspekta alitazama kabati. Kufuli halikuvunjwa. Makopo mengine yalikuwa yamejipanga, yamevaa vumbi lao. Mtaalamu wa alama za vidole alitikisa kichwa.

"Hili limepanguswa safi, Afande. Mengine hayajaguswa."

"Basi mwizi hakutafuta. Alijua. Binti, ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Mchumba?"

"Sina."

"Mama?"

"Mama angeutangazia mtaa mzima kabla chai haijachemka."

Inspekta akaomba makala yenyewe, akaisoma amesimama, kuanzia mwanzo. Karibu na mwisho akaganda. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama chawa, kulikuwa na tanbihi: *Muhuri huu kwa sasa umehifadhiwa chumba cha semina, kabati la kushoto, kopo la tatu la chai.*

"Binti! Umemchorea mwizi ramani!"

"Ndiyo kanuni yetu, Afande. Lazima useme chanzo kilipo, ili mwingine akakihakiki."

"Basi amekihakiki."

Katika vikao vya idara ile makala haikusomwa mezani. Ilitumwa mapema, na kila mtu alikuja ameshaisoma nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa imani. Ya Sadaf ilitumwa kwa walimu watatu tu, na wote watatu walikuwa na ufunguo wa kabati.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Dkt. Mussarat Lodhi, mkuu wa idara.

"Makala uliionaje, Daktari?"

"Nzuri mno. Imenigusa."

"Na ile sehemu ya tembo?"

Dkt. Lodhi alirekebisha shali yake. "Tembo... naam. Ile sehemu ina uzito."

Hapakuwa na tembo hata mmoja katika makala. Konstebo aliyekuwa mlangoni aliomba ruhusa ya kwenda kukohoa nje.

Wa pili, Dkt. Khawar, alijulikana kwa kuuliza swali refu kuliko jibu lake.

"Tembo? Ningependa awachambue zaidi. Hasa tembo jike. Wanahistoria tumewasahau kabisa."

Inspekta alimrudisha Dkt. Lodhi, akawakalisha pamoja.

"Nisikilizeni. Mahali pa muhuri pametajwa karibu na mwisho wa makala. Aliyefika pale ndiye mshukiwa wangu. Nyie wawili mmeisifu sana. Niwafunge nani?"

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Madaktari wawili walitazamana.

"Afande," Dkt. Lodhi alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "mimi sikusoma."

"Hata kurasa mbili?"

"Nilisoma kichwa cha makala."

"Na wewe?"

"Nilisoma shukrani," alisema Dkt. Khawar. "Nilitaka kuona kama nimetajwa."

"Umetajwa?"

"Nimetajwa. Ananishukuru kwa kumsoma kwa makini."

Hapo ndipo walipogundua kwamba mlango ulikuwa wazi. Sadaf alikuwa amesimama kizingitini na sahani ya sambusa za wageni. Aliiweka mezani taratibu, akanyoosha kitambaa, na hilo liliwauma kuliko matusi.

Wa tatu aliingia bila kuharakishwa. Profesa Ghazanfar Tirmizi alikuwa amefundisha vizazi kwamba kutaja kitabu usichokisoma ni wizi.

"Profesa, sehemu ya tembo uliionaje?"

Mzee alikunja uso. "Tembo gani? Humo hamna tembo. Nani kakudanganya, Afande? Kuna ngamia, na hata hao hesabu yao ina mashaka."

"Kumbe umesoma."

"Nimesoma mpaka tanbihi ya..."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Nyuso zao zilimweleza kwamba yeye peke yake ndiye aliyesoma.

Hakuhitaji kusukumwa. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa leso, akaifungua. Muhuri uling'aa.

"Niliupeleka hadi daraja la mto Ravi niutupe. Nikainua mkono. Haukutaka kutupa."

"Kwa nini uliuiba?"

"Kitabu changu kinasema kisima hicho cha makala yake, chenye ngazi za kushukia majini, kilichimbwa na liwali. Kitabu hicho ndicho kilichonipa kiti cha uprofesa, nyumba, na jina. Muhuri unasema kilichimbwa na mjane, Mehr Khatun, kwa fedha yake mwenyewe, akakiweka wakfu."

"Kukosea si jinai, Profesa."

"Laiti ningekuwa nimekosea! Niliandika kwamba muhuri wa wakfu umepotea, kwamba niliusaka nyumba kwa nyumba. Sikuusaka. Nilifika chini ya ngazi za nyumba ile ile ya bibi aliyemwazima Sadaf. Jua lilikuwa kali. Bibi akaniita, 'Mwanangu, panda unywe maji, nina kitu cha kukuonyesha.' Nikamwambia nitarudi kesho. Sikurudi."

Konstebo alimfunga pingu. Mzee alikuwa amenyoosha mikono bila kuombwa, macho yake sakafuni.

Sadaf aliuchukua muhuri, akaufunga katika ncha ya mtandio wake. Wote walitarajia aondoke.

"Mwalimu," alisema, "ulisoma yote?"

"Yote. Mara mbili."

"Uliionaje?"

"Usiniulize mimi, mwanangu. Mimi ni mwizi."

"Nimuulize nani mwingine?"

Madaktari wawili walivichunguza viatu vyao kama vyanzo adimu.

Profesa aliivuta makala iliyokuwa mezani kwa mikono yake yenye pingu. "Umemtaja mjane mwishoni," alisema hatimaye, "kama mtu anayeomba radhi. Mlete kwenye sentensi ya kwanza. Kisima ni chake."

Sadaf alivuta kiti, akatoa kalamu. Inspekta alimwashiria konstebo, naye akaufungua mkono wa kulia wa mzee, ili aweze kufunua kurasa.

Dkt. Khawar alinong'ona kuuliza kama kuna nakala ya ziada.