Kiatu Kwenye Kapu

Plasta tu. Maarit alitoka hosteli jioni ile kwenda kununua plasta, basi. Malengelenge yalikuwa yamemshika kisigino cha mguu wa kushoto tangu juzi, na duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya mto. Begi lake kubwa aliliacha kitandani, simu akaiacha inachajiwa. Nani anabeba mzigo kwenda kununua plasta?

Ilikuwa Novemba, na mwezi huo mji wa Ghent, kule Ubelgiji, huingia giza watu wakiwa bado makazini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Taa za darajani zimewaka, lakini zilikuwa zinajimulika zenyewe tu.

Huyu Maarit alikuwa Mfini wa Kuopio, mtoto pekee wa mama mjane. Huo ulikuwa mwezi wake wa pili akizunguka Ulaya peke yake, begi mgongoni. Mama yake alilia sana siku anaondoka, naye akamwahidi kwamba Krismasi itamkuta nyumbani. Minara na makanisa alikuwa ameyaona mpaka yanamchanganya. Kilichomchosha ni kula peke yake. Ni kweli, wasafiri wa mabegi hawana makuu. Mnakutana asubuhi, mchana mnaazimana chaja, taulo, koti, na ikifika jioni mnaitana ndugu. Lakini kesho yake kila mtu na treni yake, na aliokuja nao Ghent wote walikuwa wameshaondoka.

Ndiyo maana alipoitwa darajani aligeuka haraka.

"Unachechemea, shoga."

Msichana wa rika lake alikuwa ameegemea ukingo wa daraja. Alivaa koti refu la kijivu, limefika mpaka chini. Nywele zilikuwa zimelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Buti jipya," Maarit akasema, akacheka. "Linanitafuna."

"Afadhali wewe unalo." Msichana naye akacheka. "Naitwa Godelieve. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Vizuri..."

Wakapeana mikono. Mkono wa yule msichana ulikuwa wa baridi kali, lakini Novemba mkono wa nani una joto? Maarit hakulitia hilo moyoni.

"Plasta hazikimbii," Godelieve akamwambia. "Twende nikuoneshe mji. Mnara wa kengele umepanda?"

"Nimepanda. Na ngome nimeingia."

"Basi hujaona kitu. Nyie mnaangalia mawe, mnapiga picha, haoo, mmeondoka. Watu wa hapa hata hamuwajui."

Neno hilo lilimchoma Maarit, maana lilikuwa kweli. Akamfuata.

Na yule binti alijua mji, usimchezee! Hapa alikaa mwokaji mikate aliyekuwa anapigwa na mkewe kwa kijiti cha kusukumia unga. Pale fundi kengele alimtongoza mtawa, akamwagiwa maji ya vyombo. Maarit alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa wiki nzima hajacheka hivyo.

Ila kulikuwa na harufu... Harufu ya tope la mtoni, lile la chini kabisa. Iliwafuata kila kichochoro walichoingia.

Na zile hatua. Maarit alisikia buti zake mbili zikigonga mawe ya barabara. Za mwenzake alisikia moja tu.

Ko... kimya. Ko... kimya. Ko...

Akatupa jicho chini. Koti refu na ukungu. Hakuona kitu.

"Tuingie humu," Godelieve akanong'ona. "Nina kiu."

Ilikuwa baa ya zamani, dari fupi, imejaa watu na kelele. Baa hiyo ina desturi yake. Bia ya nyumba hunywewa kwenye glasi ndefu, na wageni walikuwa na mkono mwepesi wa kuziiba. Basi ukitaka glasi, unavua kiatu kimoja na kukiweka rehani. Kinatiwa kwenye kapu, kapu linavutwa kwa kamba mpaka darini. Ukirudisha glasi, unashushiwa kiatu chako. Watu hufurahi sana kuliona kapu likipanda.

"Nitolee wewe kiatu," Godelieve akasema. "Changu siwezi."

Maarit hakuuliza kwa nini. Kwa watu wa mabegi, mtu haombwi mara mbili. Isitoshe buti lenyewe lilikuwa linamtesa. Akalivua la kushoto, akampa mwenye baa, mzee mmoja kipara aitwaye Wannes. Mzee akalivuta juu bila kugeuka, watu wakapiga makofi.

Glasi ilipoletwa ndipo mzee alipomwona aliyekaa na Maarit.

Akapiga ishara ya msalaba.

Godelieve aliichukua glasi, akaanza kunywa. Wannes akajifanya anafuta meza, akainama mpaka sikioni mwa Maarit.

"Binti, kiatu ni chako. Mbona glasi ananywa yeye?"

"Nimemwazima tu."

"Yesu wangu! Mpokonye. Uirudishe wewe kwa mkono wako, kabla haijaisha."

"Kwa nini?"

"Baba yangu alinikataza kumpa huyo glasi. Msichana huyo aliacha kiatu chake humu, akaingia mtoni na kimoja. Zaidi ya hapo najua hili tu. Anayerudisha glasi ndiye anaondoka na kiatu... na anayeondoka na kiatu ndiye anakwenda kwenu."

Maarit alitaka kucheka. Lakini kutoka chini ya meza kulikuwa na sauti.

Ch... ch... ch...

Akainama. Bia ilikuwa inachuruzika ndani ya koti la yule msichana na kumwagikia sakafuni. Na pale katikati ya dimbwi palikuwa na miguu miwili. Mmoja una kiatu cheusi cha kifungo. Wa pili mtupu, mweupe, umevimba, kucha zimejaa tope.

Aliinuka, akaikamata glasi kwa mikono yote miwili, akavuta.

"Nirudishie!"

"Ulinipa mwenyewe," Godelieve akanong'ona. Hakuonekana kutumia nguvu, lakini glasi haikusogea hata kidogo. "Mbele ya watu wote hawa."

"Nakuomba. Nina mama yangu."

"Najua. Nimemkosa mama siku nyingi sana, shoga." Akatabasamu, na maji yakamtoka kwenye pembe za midomo. "Wenyewe husema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akamalizia funda la mwisho.

Maarit alipiga kelele, nakwambia alipiga kelele kwa roho yake yote. Meza ya jirani walikuwa wanaimba. Hakuna aliyegeuka. Godelieve alikwenda kaunta, ko, kimya, ko, kimya, akaiweka glasi juu. Wannes alikuwa ameng'ang'ania kamba ya kapu, ameizungusha mkononi, macho amefumba, anasali.

Kamba ikamponyoka, ikamchuna kiganja.

Kwi... kwi... kwi...

Kapu likashuka lenyewe.

Yule msichana aliinama, akavaa buti, akafunga kamba zake taratibu. Alipoinuka alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Alipofika mlangoni akageuka kumuaga mwenye baa.

Alikuwa na uso wa Maarit.

"Kwaheri, mzee," akasema, kwa sauti ya Maarit, kwa lafudhi yake ya Kifini. Akatoka.

Maarit akamrukia kwa nyuma. Buti la kulia likavuka kizingiti. Mguu wa kushoto, ule mtupu, ukagoma. Aliuvuta kwa mikono, akalia, akajaribu kutoka kwa magoti. Mguu ulikuwa umegandia pale ndani, umelowa, na baridi ilikuwa inapanda kutoka unyayoni kuelekea gotini. Watu walipita kando yake wakiingia na kutoka. Mmoja alimruka tu, akadhani ni mlevi.

Ni Wannes peke yake aliyefunga kitambaa mkononi na kukimbia hosteli. Alirudi anahema, akatikisa kichwa.

"Begi halipo. Simu haipo. Wanasema umeaga vizuri tu, ukaenda stesheni."

"Nipe simu yako, mzee. Tafadhali!"

Namba ya nyumbani ilikuwa ileile tangu utoto wake, ile simu ya mezani iliyokaa koridoni chini ya koti la marehemu baba. Akaibonyeza. Ikaita. Ikapokewa.

"Haloo?"

"Mama! Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Maarit, mama. Mwanao."

"Wewe binti, usinifanyie hivyo." Sauti ya mama ilikuwa na hofu. "Sauti yako siijui. Maarit wangu nimeongea naye sasa hivi. Yuko kwenye treni, anarudi nyumbani. Maskini, anasema baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Nimemwambia aje tu, sauna ataikuta ya moto, nitamsugua mgongo mwenyewe."

"Mama, usimfungulie! Nakuomba mama, huyo si—"

"Mimi ni mtu mzima na ninakaa peke yangu. Usinipigie tena."

Simu ikakatwa.

Maarit alitazama mguu wake. Kucha zilikuwa zimeanza kujaa tope. Alibonyeza ile namba upya, taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine ili asikosee, akaiweka simu sikioni.

Laini ilikuwa inatumika. Mama alikuwa anaongea na mwanawe.