Mmea wa Kukaa Nao Edani

Enzi za Wadachi, siku yetu Rumonge ilianza na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wanaume walirudi na mitumbwi alfajiri. Wanawake tuliosha ndagala, tukawaanika kwenye mchanga. Maji ya kuoshea hatukuyamwaga ovyo. Tuliyapeleka nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha. Yananuka, lakini lengalenga huyapenda.

Mimi ni Zuwena. Niliishi ua mmoja na kaka yangu Swedi na mkewe Sharifa. Watu husema mawifi hawapatani. Uongo! Sisi tulipatana sana, ila tulitaniana mpaka majirani wakachoka. Sharifa aliuza mawese sokoni. Alikuwa mtu asiyekaa kitako hata akila.

Swedi alifanya biashara ya chumvi. Alipandisha chumvi ya Uvinza mpaka milima ya Bururi, akateremka na maharagwe. Mwezi wa sita alirudi na homa. Mkononi alikuwa na mmea mdogo, ameufunga kwa majani mabichi.

"Nimekuletea, mama," alimwambia mkewe. "Huota juu ya miti, kule kwenye ukungu. Maua yake meupe. Utaupenda."

Siku ya sita kaka yangu alifariki. Tulimzika, Mungu amrehemu.

Sharifa akaingia edani. Miezi minne na siku kumi, mjane hukaa ndani. Hajipambi, hajitii manukato, haendi sokoni. Kwa mtu kama Sharifa, huo ulikuwa mtihani mkubwa. Alikaa kwenye mkeka, akaangalia ukuta. Kitu kimoja tu kilimwinua: ule mmea.

"Huu ndio mkono wake wa mwisho kwangu," aliniambia. "Nitaulea mpaka utoe maua. Nikitoka edani, nitoke nao."

Tukaupanda kama tulivyopanda kila kitu. Nilileta udongo mweusi wa bondeni na samadi ya mbuzi. Tukajaza chungu, tukafukia mizizi yote, tukashindilia. Chungu tukakiweka pembeni mwa kitanda, gizani, ili jua lisiuchome. Sharifa aliumwagilia asubuhi na adhuhuri.

Na mimi? Ee, mimi nilifanya langu. Kila jioni, Sharifa akiswali, nilimimina kata moja ya maji ya ndagala kwenye chungu kile. Nilijisemea, lengalenga zinanenepa kwa maji haya, kwa nini huu usinenepe? Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja aone umestawi, ashangae.

Alishangaa kweli. Baada ya wiki tatu majani yaligeuka manjano. Jani la chini likaanguka. Jingine likalainika kama ndizi iliyooza.

Sharifa alilishika lile jani, akalia. "Zuwena, zawadi yake imenishinda. Nina mkono gani mimi? Kila ninachoshika kinakufa."

Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula tena. Nilimsogezea ugali, akasukuma sahani. Nilijua kosa ni langu, lakini niliona haya. Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa ukimya ule.

Siku ya tatu alikuja mama aitwaye Sikujua, muuza kuni. Mama huyu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Wakati ule Boma la Wadachi lilikuwa limeamuru vichaka na miti ya ufukweni ikatwe, kwa sababu ya mbung'o waletao malale. Sikujua alizichukua kuni za miti ile, akaziuza mjini. Alitua mzigo wake, akaingia kumpa mfiwa pole.

"Amahoro, mwanangu. Pole sana." Alimwamkia kwa lugha ya wenyeji, kisha akanusa. "Lakini humu ndani iko harufu ya ndagala. Munaanika chumbani?"

Sharifa akanusa na yeye. Akakitazama chungu. Akanitazama mimi.

Nikasema yote: kata moja, kila jioni, wiki tatu.

"Wewe Zuwena!" Sharifa alishika kipepeo cha kupepea moto, akanitupia. Kilinipata kifuani. "Siku mbili nalia kuwa nina mkosi, nawe umekaa kimya!"

"Nisamehe, wifi. Niliona haya."

"Haya zako nizile?"

Alikuwa na haki.

Sikujua hakujali ugomvi wetu. Alikwisha kuung'oa mmea, akaugonga taratibu udongo ukadondoka. Akatuita tutazame.

"Angalieni mizizi. Huu iko mweusi, na laini. Ukiuminya, ngozi inatoka. Umeoza. Huu pia. Sasa huu, iko mweupe na mugumu. Huu ni muzima." Alihesabu. "Mitatu mizima. Mingine yote imekufa."

"Ni maji ya ndagala?" niliuliza.

"Si hayo peke yake. Hata maji safi yangeuua, lakini polepole. Mumea huu haukai udongoni. Unakaa juu ya muti, mizizi inaning'inia. Mvua inaupiga, upepo unaukausha. Nyinyi mumeufukia kama muhogo! Mizizi yake inataka hewa. Na humu ni giza. Hata mutu hasomi humu."

Sharifa akauliza lile alilotaka kujua. "Mama, utapona?"

Sikujua aliikata mizizi iliyooza kwa kisu chake.

"Humu ndani, hapana. Kule Bururi kuna baridi na ukungu kila asubuhi. Hapa kuna joto, na kiangazi kinakuja kukaza. Mimi mwenyewe singeuweza. Ukiubakiza, mwezi mumoja, basi. Ukirudi mulimani upesi, labda."

"Labda?"

"Labda. Sitakudanganya, mwanangu."

Sharifa aliuchukua mmea, akauweka mapajani. Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama. Niliporudi, Sikujua alikuwa ameondoka na Sharifa alikuwa amekaa vilevile.

"Shafii anapanda lini?" aliniuliza.

Shafii alikuwa mwenzake Swedi katika biashara. Safari ile ya mwisho walikwenda pamoja.

"Kesho kutwa," nilimjibu. "Lakini wifi, ni zawadi ya Swedi. Utaitoa?"

"Nikiubakiza, nitaukalia hapa mpaka ufe mbele yangu. Nimekwisha kumtazama mmoja akifa chumba hiki hiki. Sitaki wa pili. Mwite Shafii."

Shafii alikuja akasimama nje, maana mwanamume wa kando haingii kwa mwenye eda. Sharifa alisema kutoka ndani, mimi nikiwa mlangoni.

"Unaukumbuka mti ambako Swedi aliutoa mmea huu?"

"Naukumbuka, shemeji. Uko karibu na kijito tulipopumzika. Mimi ndiye niliyempandisha mabegani."

"Urudishe pale pale. Ufunge kwa kamba ya mgomba, kama Sikujua alivyonielekeza, usikaze. Mizizi iguse gome. Usiufukie na kitu."

"Nitafanya, inshallah."

Nikampa mmea, umefungwa kwa majani ya mgomba. Usiku ule Sharifa alikula.

Wiki moja baadaye Sikujua alirudi na kuni. Juu ya mzigo wake kulikuwa na tawi lenye fungu la vijiti vinene vya kijani, kama miwa midogo, na majani machache juu.

"Nimekuletea mwingine," alisema.

Sharifa alirudi nyuma. "Sitaki, mama. Nitauua."

"Huu? Hebu jaribu!" Sikujua akacheka. "Sikiliza kwanza. Muti huu ulikatwa kabla mume wako hajafa. Mwezi muzima na zaidi umelala chini, juani, hakuna mvua. Sasa minya kijiti hiki."

Sharifa akaminya. "Kigumu."

"Iko na maji yake ndani. Vijiti hivi ndiyo mutungi wake. Ukisahau kuumwagilia, unakunywa akiba yake, unakungojea. Kila juma nabandua kama huu kwenye kuni zangu na kuutupa, maana unaleta moshi. Nikipita tena, naukuta bado muzima pale nilipoutupa! Huu umezaliwa hapa ziwani. Joto letu unalijua. Mutu anayejifunza asianze na mumea unaotaka mengi. Aanze na ule unaosamehe."

"Maua je, unatoa?" niliuliza.

"Unatoa. Ya njano, na madoadoa kama ya chui. Mukiacha kuusumbua."

Siku hiyo tulifanya kazi watatu. Sikujua hakutaka chungu. Alitaka kikapu kikuukuu chenye matundu, maji yapite. Hakutaka udongo. Nilimtafutia vipande vya makaa, magome makavu na vigae vya chungu kilichovunjika. Tukaviosha vumbi. Tukausimamisha mmea katikati, mizizi ikakaa kati ya vipande, vijiti vikabaki juu.

Ikawa kazi ya kutafuta mahali. Nyumba yetu ilikuwa na madirisha mawili. Moja lilitazama ziwa, jingine lilitazama milima.

"Tuuweke la ziwani," nilisema. "Kuna upepo mzuri."

"Na jua la alasiri?" aliuliza Sikujua. "Jua lile linatoka juu, tena linarudi kutoka kwenye maji. Litauunguza majani. Weka la milimani. Jua la asubuhi ni pole."

Tukakitundika kikapu kwenye dirisha la milimani. Kwa hiyo Sharifa naye akahamisha mkeka wake kutoka gizani, akakaa karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia ahame.

"Maji mara ngapi?" aliuliza.

"Kila siku ya tano, asubuhi. Maji safi. Mwaga mpaka yachuruzike chini, halafu acha. Ukiwa na wasiwasi, inua kikapu. Kikiwa chepesi, una kiu. Kikiwa kizito, uache."

Siku ya pili nilimkuta Sharifa ana kata mkononi.

"Wifi! Leo ni siku ya pili."

"Naona kama una kiu."

"Inua kikapu."

Akainua. Akakunja uso. "Kizito."

"Basi weka kata."

Akaiweka, huku akinung'unika kuwa tangu lini muuaji wa mimea akawa mwalimu. Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha yeye akalia kidogo, nami nikalia.

Polepole alizoea. Kila siku ya tano alimwagilia. Siku nyingine alitazama tu, akafuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu. Jani moja la zamani liligeuka manjano, akaogopa. Sikujua akamwambia jani moja kuukuu si ugonjwa, aangalie vijiti. Vijiti vilikuwa vigumu. Mwezi wa nane tuliona mizizi mipya, myeupe, imesimama kama sindano. Baadaye chipukizi likatokea pembeni. Wanawake waliokuja kumwona walizoea kumwuliza kwanza habari za mmea. Alianza kuwafundisha. Mmoja, mama yake Athumani, alisema anao juu ya mti kwake na hakujua kama unaweza kukaa ndani. Sharifa akamweleza mambo ya kikapu, makaa na dirisha bila kukosea hata moja.

Mwanzo wa mwezi wa kumi ukatoa bua refu. Wiki mbili baadaye maua yakafunguka, ya njano, madoadoa ya hudhurungi. Sharifa aliniita kwa sauti kubwa mpaka nikadhani nyumba inaungua.

Siku chache baadaye eda ikaisha. Sharifa alioga, akavaa nguo nyingine. Wanawake walimwuliza angependa kwenda wapi kwanza. Nilidhani atasema sokoni.

"Bururi," alisema.

Tulipanda na Shafii na wachukuzi wake wa chumvi. Mvua zilikuwa zimeanza, njia ilikuwa ya utelezi. Tulilala njiani mara moja. Siku ya pili tulifika kwenye kijito. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Shafii alituonyesha mti, akatuacha.

Mmea ulikuwepo. Ulikuwa mdogo bado, na hauna maua. Lakini ile kamba ya mgomba ilikuwa imeoza na kukatika, na mmea haukuanguka. Mizizi mitano, miwili kati yake mipya, ilikuwa imeng'ang'ania gome. Jani jipya lilikuwa katikati.

Nilifurahi hata nikapiga kigelegele. "Wifi, umepona! Sasa tunajua kulea. Tuubandue twende nao nyumbani. Ni wako, Swedi alikupa."

Sharifa aliugusa mzizi mmoja kwa kidole, akaufuata mpaka mwisho wake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kwake ni hapa," alisema. "Ukae."

Akasimama kidogo, akasoma Fatiha polepole, nami nikaitikia amina. Kisha akafunga kanga yake vizuri.

"Twende, Zuwena. Kesho kutwa ule wa nyumbani unataka maji."