Mama Hellen na Kikosi cha Zohali

Mikono miwili iliikamata fulana moja kwa wakati mmoja, wala hakuna uliolegea.

Ilikuwa Jumamosi kwenye mitumba ya Kirumba, katika miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, ambapo robota moja la nguo likifunguliwa watu hujaa kama kwenye msiba. Mkono mmoja ulikuwa wa Prudencia, mjane wa Kihaya, mama wa watoto wawili na mpokea simu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vizuri kiunoni, miwani ya vioo vinene, na kilemba kilichokwisha kufunguka kwa kusukumwa. Mkono wa pili ulikuwa mpana, wenye weusi wa oili kwenye kucha. Mwenyewe alikuwa Msukuma mrefu, mpole wa macho, aliyefunga vifungo vya shati akaruka kimoja.

Prudencia akamuuliza fulana ile ilikuwa ya kazi gani. Yule bwana akajibu kwa adabu kwamba yeye ni fundi wa injini kwenye kivuko cha Kamanga, na pamba nzito kama ile hunywa grisi vizuri sana.

Prudencia akahisi damu inampanda. Kifuani mwa fulana kulikuwa na picha ya Nahodha mwenye jicho la fedha, mkuu wa Kikosi cha Zohali, tamthilia ya anga za juu ambayo yeye alikuwa ameitazama kanda baada ya kanda mpaka deki ya video ikaanza kuzitafuna.

"Kaka, huyu si wa kufutia grisi."

"Kwani ni nani?"

"Ukitaka kujua, iachie kwanza."

Aliiachia. Prudencia akailipia, na kwa kuwa bwana yule aliuliza, akamweleza. Alimweleza wakipita wauza dagaa wa Mwaloni, akamweleza wakipanda njia ya mawe kuelekea kwake, jinsi Nahodha alivyosalitiwa na ndugu yake wa damu na kutupwa katika gereza lenye majua mawili. Watu wengine, akifika hapo, huwa wamekwisha kukumbuka kwamba wameacha maharage jikoni. Huyu alisimama mlangoni, mfuko wa nyanya aliokuwa akimbebea mkononi, akauliza: "Sasa kama majua ni mawili, usiku wanalala saa ngapi?"

Swali hilo Prudencia alilingoja tangu utotoni. Akamkaribisha chai.

Jina lake lilikuwa Mashimba, ila Prudencia alimwita Ngosha, kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitwa. Jumatatu simu iliita kwenye swichibodi ya kiwanda, sauti ikasema inatoka ofisi ya gati, inaomba kuzungumza na Nahodha.

"Nahodha yuko kazini, Ngosha. Taa zangu zote zinawaka."

"Basi nitasema haraka. Jana sikulala, nikifikiria yale majua."

"Ni majua tu?"

"Na anayeyasimulia."

Prudencia alicheka akamuunganisha meneja na jikoni badala ya benki. Tangu hapo simu ya gati ikawa inaita kila asubuhi, na wasichana wa ofisini wakaanza kumwita Prudencia mke wa kivuko.

Nyumbani mambo hayakuwa laini hivyo. Hellen, binti yake mkubwa, alikuwa sekondari, umri ambao mama hata akikohoa ni aibu. Na mama huyu hakukohoa tu. Alibandika picha za Kikosi ukuta mzima wa sebuleni. Aliunguza dagaa akitafsiri maneno ya maadui, huku mwiko ukiwa ndio bunduki. Alimshonea Nkwabi, mdogo wa Hellen, koti la kikosi kwa mfuko wa mbolea uliong'aa, na Nkwabi akalivaa Jumapili ya Matawi, akampigia padri saluti mbele ya waumini. Hellen alimuuliza mama yake kwa nini asifume vitambaa vya makochi kama mama za wenzake. Prudencia akajibu kwamba alijaribu, kikatokea chombo cha angani.

Mashimba alipozoea kuja, Hellen alimwamkia shikamoo kwa matumaini makubwa. Huyu, aliwaza, ni mtu mzima, fundi. Huenda atamtuliza mama. Lakini Mashimba alikaa mkekani pamoja na Nkwabi, naye akamuuliza mama maswali mengine ya Kikosi.

Ndipo habari ikaja kwamba baba mdogo wa Mashimba, Mzee Mhoja, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, atavuka kutoka Kamanga kuja kumwona huyo mwanamke. Prudencia alinunua kuku, akasuka nywele, akaazima vikombe. Siku moja kabla ya ugeni alirudi kutoka kazini akakuta ukuta wa sebuleni mtupu. Kanda zake zilikuwa uvunguni mwa kitanda, zimefunikwa gunia. Palipokuwa na Nahodha palining'inia kalenda ya parokia.

Alimkazia macho Hellen. Hellen akatazama chini, akasema ni Anko Mashimba aliyemwomba atoe, na yeye alikubali kwa moyo wote.

Prudencia alikwenda kwa jirani mwenye simu, akapiga gati.

"Ni wewe uliyesema ukuta wangu uvuliwe?"

Mashimba hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ni siku moja tu, mpenzi. Baba mdogo ni mtu wa ng'ombe na kanisa. Angeona yale, angesema nimepata mtu asiyetulia."

"Na wewe ungesema nini?"

Mashimba akaanza kueleza habari za ng'ombe wa mzee, Prudencia akamkatiza.

"Mimi nimeonewa aibu na wengi, Mashimba. Ya Hellen ninaivumilia, ni mtoto wangu, atakua. Yako siiwezi. Mwambie mzee asijisumbue kuvuka."

Akakata. Kuku walimla wao watatu, hakuna aliyemsifu.

Kesho yake simu ya gati iliita kama kawaida. Prudencia alisikiliza ile sauti ikisema, "Pruda, nisikilize," akamuunganisha na chumba cha barafu. Huko alipokea mzee mmoja wa zamu, mwenye kofia ya masikio, asiyesikia vizuri. Mashimba alipopiga tena alipelekwa tena barafuni. Alishinda juma zima akimwomba radhi mzee yule, ambaye mwishoni alimsamehe bila kujua kosa.

Ila nyumba nayo ilipoa. Prudencia alipika kimya, na dagaa wakaiva vizuri, bila kuungua hata mmoja. Nkwabi aliuliza kama Nahodha alitoka gerezani. Mama yake akasema hajui, ale alale. Hellen alisikia. Alikuwa ameomba mama wa namna hii kwa muda mrefu, na sasa kwa kuwa amempata, hakujua amweke wapi. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani anayekoroga mchuzi, basi.

Siku iliyofuata Prudencia aliporudi, alikuta picha zimerudi ukutani, mbili zimepinda, moja imebandikwa kichwa chini. Hellen alikuwa amesimama kwenye stuli, gundi mpaka kwenye viwiko.

"Mama, tusimulie. Hata dagaa wakiungua."

Prudencia alimwambia ashuke kabla hajavunja mguu. Kisha akaingia jikoni kulia, akasingizia vitunguu.

Jumapili, misa ilipotoka, Mashimba alikuwa amesimama nje ya kanisa katika suti ya kahawia iliyobana mabega na tai fupi kama ulimi. Hakujificha kwa watu. Alisema amekuja kuwachukua wavuke wote kwenda Kamanga, kama walivyo, na Nkwabi na koti lake.

"Kama nilivyo?" Prudencia akauliza. "Hata wiki ile nilikuwa hivi hivi."

"Ndiyo. Aliyebadilika nilikuwa mimi. Niliogopa, Pruda. Bado naogopa, lakini twende."

Prudencia alitaka kufikiri, ila Nkwabi alikuwa amekwisha kukimbia kuelekea gatini, na mama hana budi kumfuata mwanawe.

Mzee Mhoja aliwapokea vizuri, akawaandalia wali na nyama. Walipokuwa wakila, Mashimba akaweka tonge chini, akasema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu hupenda hadithi za vyombo vya angani, ana ukuta mzima wa picha zake, na kwamba yeye Mashimba ndiye aliyeagiza zifichwe kwa kumwogopa mzee.

Mzee alitafuna muda mrefu. Kisha akasema wazi kwamba hakupendezwa. Mama wa binti mkubwa kukaa kutazama vitu vinavyoruka ni kupoteza siku. Nani atapika?

Prudencia alimtazama Mashimba. Sauti ya Mashimba ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Baba mdogo, nitapika mimi. Yeye atakuwa ananisimulia. Ninakuheshimu sana, ila hilo halitabadilika."

Hellen alisahau kumeza. Mzee alimwangalia kijana wake kama mtu anayemwona ng'ombe wake akipanda mti. Hakubariki wala hakukataa. Alisema wali unapoa, akaomba mchuzi.

Kivuko cha kurudi kilikuwa kimejaa mihogo, mbuzi na baiskeli. Jua la alasiri lilipiga maji, upepo ukavuruga nywele zote alizosuka Prudencia. Mashimba alimsogelea kwenye ukingo, akakohoa, akarekebisha ile tai.

"Pruda, mpenzi wangu. Nilitaka nikuambie haya mahali patulivu, lakini na wewe sijawahi kupata mahali patulivu. Nataka nikuoe. Wewe na kelele zako zote."

Hapo ndipo Nkwabi, aliyekuwa akionyesha maadui majini, alipopanda chuma cha ukingo na kuinama, nusu yake ndani ya kivuko, nusu juu ya ziwa. Prudencia alimdaka kwa koti. Mfuko wa mbolea ukaanza kuchanika.

"Mtoto anazama na wewe unaleta ndoa? Mshike!"

Mashimba alijitupa, akamkamata Nkwabi kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Nimemshika."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama Hellen."

Prudencia alivuta pumzi, akarudisha miwani iliyomtelezea puani.

"Basi ndiyo," akasema. "Nimekubali. Usimwachie."