Nina Jambo

Nyumbani kwetu kuna sheria moja ambayo hata paka anaijua: mkasi wa baba watoto haukati karatasi. Mume wangu ni fundi cherehani. Watu humwita Milimita, kwa sababu hapimi mara moja kama mafundi wengine. Anapima mara tatu, anaandika, kisha anapima tena. Mkasi wake ameutunza miaka kumi na minane. Hata mimi, mkewe, siugusi.

Siku moja Milimita alianza kuzimika. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikaa tu mbele ya cherehani bila kushona. Usingizi ulimpotea, chakula hakikupita kooni. Kliniki wakasema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wakampa dawa. Kila Ijumaa akawa anakwenda kuzungumza na muuguzi wa afya ya akili.

Muuguzi aliweka programu kwenye simu yangu, maana simu ya Milimita ni ya kupiga na kupokea tu.

"Kila Jumatatu itauliza maswali tisa," alisema. "Amelala vipi, amekula vipi, ana mawazo gani. Sifuri ni hakuna shida. Tatu ni shida ya karibu kila siku. Majibu yanakuja kwenye kompyuta yangu na kuchora mstari. Shida zikipungua, mstari unashuka. Wewe msomee, lakini ajibu yeye mwenyewe."

Sikufanya hivyo. Nakiri mapema, usije ukanihurumia bure. Jumatatu ya kwanza nilimsomea, akanyamaza. Jumatatu ya pili nikajibu mwenyewe, nimesimama jikoni. Sifuri, sifuri, sifuri. Unajua tulivyolelewa. Ukiulizwa "Hujambo?" unajibu "Sijambo," hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Nani amewahi kujibu "Nina jambo"? Tena nimwandikie mtu wa ofisini kwamba mume wangu analia? Niliona ni kumvunjia heshima.

Nikafanya hivyo kila Jumatatu, na mstari ukashuka kutoka alama alizopimwa kliniki siku ya kwanza. Muuguzi akanipigia simu. "Hongera, mama. Majibu yanapendeza. Sasa awe anakuja mara moja kwa mwezi." Nilifurahi, mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, watoto wakiwa shuleni, jirani yangu mshona mapazia alipiga hodi. Alishika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Mwenzangu, mumeo anaacha kazi?"

"Kwa nini?"

"Jana alinipa hiki. Akasema nitumie tu, yeye hakihitaji tena."

Akafungua kitambaa. Ulikuwa ule mkasi.

Nilijaribu kucheka. "Labda siku hizi amekuwa mkarimu."

Jirani hakucheka. "Milimita huyuhuyu? Aliyeninunia mwezi mzima kwa sababu niliuazima?"

Hapo nikakumbuka. Juzi alirudisha vitambaa vyote vya wateja bila kuvishona. Na asubuhi hiyo, kabla jirani hajaja, aliniomba msamaha, wala hakusema wa nini. Nikampigia muuguzi, nikamweleza.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Chumbani. Peke yake."

"Nenda ukakae naye. Usimwache hata dakika moja. Na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua."

"Dada, si nitamtia wazo hilo?"

"Hapana. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Kisha mlete hapa sasa hivi."

Jirani alisimama mlangoni. Mimi niliingia. Milimita alikuwa ameketi kitandani, ametulia, anakunja futi yake ya kupimia. Utulivu ule uliniogopesha kuliko machozi.

"Hujambo?" nilimuuliza.

"Sijambo."

"Hiyo ni salamu. Sasa nakuuliza kweli, mume wangu. Unafikiria kujiua?"

Futi ilimponyoka mikononi.

"Nina jambo," alisema.

Nilimkumbatia tukalia wote wawili. Kisha tukaondoka, mimi kulia kwake na jirani kushoto.

Kliniki, muuguzi alitugeuzia kompyuta. Mstari wa Milimita ulikuwa mzuri ajabu, umelala chini kabisa.

"Huyu ni nani?" Milimita aliuliza.

"Ni wewe," nikasema. Nikaeleza yote, uso umenishuka.

Milimita akatikisa kichwa. "Mke wa fundi wewe! Unampa mshonaji kipimo cha mtu mwingine, halafu unategemea nguo inikae?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia utani wake baada ya miezi mitatu.

"Na mimi nimekosa," alisema muuguzi. "Niliutazama mstari, sikumtazama mtu. Programu haina macho. Inachora kile inachoambiwa. Jibu baya si aibu, mama. Ndilo linalotuonyesha mgonjwa anahitaji nini."

Akamsomea maswali tisa, polepole. Milimita akajibu mwenyewe. Mbili. Tatu. Tatu. Mstari ukapanda kama ngazi. Swali la kujidhuru lilipojibiwa, alama nyekundu ikawaka, na daktari akaja papo hapo. Akabadilisha dawa. Ikapangwa Milimita aje mara mbili kwa wiki. Nyumbani asiachwe peke yake. Dawa nizitunze mimi, na mkasi ukae kwa jirani. Tukapewa namba ya kupiga saa yoyote.

Mstari haukushuka siku moja. Ulishuka, ukapanda, ukanitia hofu, ukashuka tena. Kila Jumatatu mimi nilisoma, yeye akajibu. Wiki nyingine alisema "tatu" na roho ikaniuma, lakini niliibonyeza hiyo hiyo tatu. Baada ya miezi minne, cherehani ilikuwa inalia tena. Muuguzi akakubali mkasi urudi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafunika madaftari ya watoto. Nilihitaji kukata karatasi haraka. Haikupita dakika tano, sauti ikanguruma kutoka kwenye cherehani.

"Nani amekata karatasi kwa mkasi wangu?"

Nilikaa kizingitini, machozi yakinitiririka. Jirani alikuwa anapita.

"Mwenzangu, hujambo?"

"Nina jambo," nilimjibu, nikicheka na kulia. "Nimegombezwa!"