Majani Meusi ya Sifaeli

Ndugu zangu mnaokwenda sokoni Tengeru, nitawasimulia ya nyumba moja iliyo karibu nanyi, na sitaipaka sukari. Aliyekosa ni mtu wa rika langu, ameishia darasa la sita kama mimi, kwa hiyo ninapomsema najisema.

Sifaeli ana studio ya picha nyuma ya maduka ya pembejeo. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, watu walijipanga kwenye benchi lake wakisubiri picha za pasipoti. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kubonyeza hiki na kile mpaka kitu kikakubali, na kwa sababu hiyo watu walimwita Profesa. Jina hilo alilipenda kuliko chakula.

"Profesa, leo nipunguzie kidevu," Fransiska muuza ndizi alimwambia.

"Kidevu nakitoa chote, Fransiska. Mdomo ndio siuwezi."

Benchi zima lilicheka. Kwenye kona, binti yake wa kwanza, Vaileth, alicheka pia bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Laptop yake ilikuwa imepasuka kioo, kwa hiyo asubuhi alitumia kompyuta ya baba yake. Hapo ndipo amani ilipokuwa inakaa. Iangalieni vizuri, maana haikukaa sana.

Vaileth alikuwa akifanya kazi na kikundi cha vijana wa Arusha mjini wanaotengeneza gemu. Mchezaji anatembea kwenye shamba la kahawa na migomba chini ya Mlima Meru, anafukuza tumbili wasimalize ndizi. Kazi ya Vaileth ilikuwa kutengeneza picha za kuvalisha vitu vya gemu: magome ya miti, udongo, kuta, na majani. Miezi miwili alishinda shambani kwa bibi yake akipiga picha majani, kisha akakaa studio akiyakata moja moja, ukingo kwa ukingo. Ijumaa ya wiki iliyofuata gemu lingeonyeshwa kwa wageni waliotaka kuligharimia. Likiwapendeza, Vaileth angepata ajira ya kudumu, ya kwanza maishani mwake.

Siku moja alimwambia baba yake, "Baba, nikuonyeshe haya mafaili? Yanaishia na DDS. Hayafunguki kwenye programu yako ya kuhariri picha, na si mabovu. Kila moja linabeba picha, na linabeba pia habari ya mahali pa kuwa wazi. Jani si mraba, picha ndiyo mraba. Pembeni ya jani lazima pawe wazi, mlima uonekane kwa nyuma."

Fransiska alikuwa pale akisubiri picha zake. Sifaeli akaona anafundishwa mbele ya mteja.

"Mama, mimi nilikuwa nafungua picha wewe ukiwa tumboni," akasema. Benchi likacheka tena. Vaileth akarudi kwenye majani yake.

Jumamosi Vaileth alikwenda mjini. Kesho yake ilikuwa kipaimara, na Sifaeli ndiye mpiga picha wa usharika mzima. Akawasha kompyuta, ikamwambia diski imejaa. Akaingia kwenye folda ya binti yake. Kwanza akakuta mafaili makubwa kupita yote, yale ya mwanzo ambamo Vaileth alikatia majani, picha juu ya picha. Akayafuta, akisema moyoni ni marudio. Kisha akayakuta ya DDS, mia moja arobaini, hayafunguki, yanaonyesha karatasi nyeupe tu. Simu ilikuwa mfukoni. Angempigia binti yake na kuuliza neno moja. Hakumpigia. Profesa anamuuliza nani?

Akachukua mtandaoni programu ya kubadilisha mafaili, akayageuza yote kuwa JPG, akayafuta ya zamani. Sasa picha zilifunguka, na diski ikapumua. Alijisikia amemsaidia mtoto.

Jumapili picha za kipaimara zikajaa kwenye diski ile. Jioni wakiwa mezani wanakula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, Vaileth akasema, "Kesho natuma yale ya DDS. Nilishayakagua Ijumaa, ni kutuma tu."

Kijiko kilisimama mkononi mwa Sifaeli. Mkewe, Eunike, akamwangalia. "Baba Vaileth, umeungua?"

"Ya moto," akajibu. Na loshoro ilikuwa imepoa zamani.

Jumatatu saa moja asubuhi, kabla binti hajafika, aliifungua studio, akaiwasha ile programu na kuirudisha kinyumenyume. JPG zikageuka kuwa DDS. Mia moja arobaini, majina yale yale, herufi zile zile mwishoni. Akafuta jasho, akaona mambo yameisha. Vaileth akafika, akatuma.

Jamani, ukimwaga maziwa kwenye mchanga ukayazoa pamoja na mchanga, ukayarudisha kwenye kibuyu, kwa nje kibuyu ni kile kile. JPG haijui kubeba uwazi; ulipotea Jumamosi, na kugeuza tena hakukuurudisha.

Jumanne akaja Elihuruma, kiongozi wa kile kikundi, kijana mpole mwenye laptop kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Aliiweka laptop juu ya meza, akaanzisha gemu. Lile shamba likatokea. Udongo mzuri, magome mazuri, maana vitu hivyo havina pa kuwa wazi. Lakini kila mgomba ulikuwa umebeba mabango meusi ya mraba, jani limechorwa katikati ya kila bango. Mlima haukuonekana. Tumbili hawakuonekana. Ilikuwa kama shamba limeingia msibani.

"Vaileth, ni nini hiki? Ule uwazi uko wapi?"

Vaileth akakaa kwenye kompyuta, akafungua folda. Akaangalia faili la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaangalia safu ya tarehe, akaondoa mkono kwenye kipanya. Sifaeli alisimama nyuma yake akiwa na neno kamili mdomoni: ni mimi. Likafika kwenye meno. Likageuka.

"Nimemwambia siku zote," akasema, "haraka haraka hizi. Vijana wa siku hizi hawakagui kazi."

Ninapoandika sentensi hiyo uso unaniwaka, na si mimi niliyeisema.

Vaileth hakugeuka. "Samahani, kaka Eli. Kosa ni langu."

"Mafaili ya mwanzo si yapo?"

"Hayapo."

"Hayapo? Kazi ya miezi miwili? Yamekwendaje?"

Vaileth akatikisa kichwa. Elihuruma akaifunga laptop taratibu. "Ungekuwa hata na sababu, ningejua pa kukusaidia. Huna hata sababu."

Siku mbili Vaileth alijaribu kuanza upya. Akapata majani tisa. Alhamisi mchana alipigiwa simu: kazi amepewa mtu wa Moshi. Akamshukuru aliyempigia, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jioni ile Eunike alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Sifaeli akakaa karibu naye.

"Huyu mtoto kazembea," akaanza.

"Koma hapo hapo," Eunike akasema. Hakupandisha sauti. "Anajua. Anajua tangu Jumanne. Kompyuta inaandika saa ambayo faili limehifadhiwa. Jumatatu, saa moja asubuhi. Ufunguo wa studio saa moja anao nani?"

Sifaeli akaangalia ungo. "Mbona hakusema?"

"Amseme baba yake mbele ya mgeni? Kalelewa wapi? Ni wewe uliyemfundisha kwamba mtoto hamrekebishi mzazi mbele za watu. Kakusitiri. Na wewe ukamkanyaga."

Ijumaa asubuhi Sifaeli alivaa koti la kanisani, akaenda mjini mpaka ofisini kwao. Vijana watano walikuwa wakipanga viti. Alisimama mlangoni akasema yote: kufuta, kugeuza, kurudisha, na yale maneno ya Jumanne. Hakuna aliyecheka. Angefurahi wangecheka.

Elihuruma alikuna kichwa. "Mzee, ungesema Jumamosi ile ile, kompyuta ingezimwa kabla diski haijaandikwa kitu kingine, labda mafaili yangerudishwa. Umeandika picha za kipaimara mahali yalipokuwa. Ungesema hata Jumanne, tungewaomba wageni watupe wiki mbili. Leo wako njiani."

"Na Vaileth?"

"Jina lake limesafika, nakuahidi. Kiti chake kina mtu."

Gemu lilionyeshwa likiwa na migomba isiyo na majani. Nasikia mgeni mmoja aliuliza kama shamba limepata ugonjwa. Hawakutoa kitu.

Aliporudi, Sifaeli alimkuta Vaileth jikoni na mama yake. Kuna wanaume wa mlima huu wamezikwa bila kuwahi kumwomba mtoto msamaha. Yeye aliomba, akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Nisamehe, mwanangu."

Vaileth aliendelea kuchochea moto. "La mafaili nilikusamehe Jumanne ile ile, baba. Hukujua." Akasukuma kuni ndani. "Lile la maneno bado."

"Sawa," Sifaeli akasema.

Ni miezi saba sasa. Ukipita studio Jumatano utamkuta Vaileth kwenye kona, anatafuta kazi nyingine na kukata majani yake upya. Juzi Fransiska aliita kutoka mlangoni, "Profesa, simu yangu imeleta faili haifunguki, nifungulie!"

Benchi lilikuwa limejaa. Sifaeli akaigeuza simu mkononi.

"Sijui hii ni nini," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Vaileth, njoo unifundishe."

Vaileth alichelewa kuinuka. Lakini aliinuka.

FUNZO

Wazazi wenzangu, hasa sisi tuliotoka shule mapema tukajifundisha wenyewe: tuna haki ya kujivunia tulichojua, ila hatuna haki ya kugusa tusichokijua kwa kuona haya kuuliza. Kumuuliza mtoto hakukupunguzii ubaba. Faili usilolijua liache, kaulize. Ukishaharibu, sema siku ile ile, maana kosa la Jumamosi lilikuwa na dawa, na kimya cha siku sita ndicho kilichoiua. Na mtoto anayekusitiri mbele ya wageni usimtwike aibu yako. Sifaeli alipoteza mafaili mia moja arobaini kwa kutojua. Imani ya binti yake aliipoteza huku akijua, kwa mdomo wake mwenyewe, na hiyo hakuna programu ya kuirudisha.