Thuria Iliyoibwa kwa Adabu

Kilichobaki darini kilikuwa kulabu na nyaya mbili. Ncha za nyaya hizo zilikuwa zimezungushiwa selotepu nyeusi ya umeme, nadhifu kama kidonda kilichofungwa na muuguzi.

Inspekta Radana Kubešová alisimama chini yake, mikono kiunoni. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Jumamosi mwenye nyumba, Bibi Libuše, mjane wa miaka sabini, alikuwa anaolewa.

"Mliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu. Tulikwenda kujaribisha suti ya huyu." Libuše alimnyooshea bwana harusi kidole kilichojaa unga wa ngano. "Tumerudi saa sita kasoro, hakuna thuria! Taa ya matawi manane, Inspekta. Mtu anaibaje matawi manane mchana kweupe?"

Bwana harusi, Mzee Vilém, dereva wa treni aliyestaafu, alikuwa amejikunyata kitini kama mtu aliyefiwa.

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana. Ufunguo unakaa chini ya chungu cha maua."

"Nani anajua?"

"Nani asiyejua?"

Radana alizunguka chumba. Mwizi alikuwa amezima swichi kuu. Alikuwa ametandika gazeti juu ya kiti kabla ya kukikanyaga. Na mezani, juu ya kitambaa safi, alikuwa ameacha matone kumi na moja ya kioo, yale ya kuning'inia kwenye matawi, yamepangwa mstari mmoja.

"Haya kayaachia nini?"

"Labda yamemlemea," alisema Vilém.

"Amebeba zaidi ya mia mbili, kumi na moja ndiyo yamlemee?"

Kando ya kitambaa palikuwa na vumbi laini la rangi ya waridi. Radana aliligusa, akalisugua kwa vidole, akalikusanya kwenye mfuko wa vielelezo. Halikuhitaji maabara. Mtoto yeyote aliyezaliwa Šenov, mji wao wa wakata kioo, anaujua unga wa kung'arishia kioo. Tatizo ni kwamba nusu ya wazee wa mji wana gurudumu la kukatia kioo kwenye banda la nyuma.

"Mama, niambie ukweli. Wewe uliipenda taa hii?"

Libuše aliangua kicheko. "Mimi? Niliichukia! Duka zima la Květa limejaa taa za zamani za kila namna. Mimi nilichagua ya kioo cheupe kama maziwa, moja tu, ining'inie juu ya meza ya jikoni. Nzuri, ya adabu. Huyu akang'ang'ania jitu hili. Dari yetu mita mbili na nusu! Tangu Jumatatu nimeshajigonga mara nne."

"Kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kuiondoa."

"Ningekuwa mimi, ningeitupa dirishani. Nisingeifungia nyaya selotepu."

Radana alimgeukia Vilém. "Na wewe, mzee, kwa nini uliing'ang'ania?"

Vilém aliangalia viatu vyake. Masikio yakamwiva. "Niliipenda tu."

"Ulipenda nini?"

"Niliipenda tu, Inspekta. Ni kosa?"

Anaficha kitu, Radana aliwaza. Lakini mtu aliyeiba taa yake mwenyewe halii kwa ajili yake, na macho ya mzee yule yalikuwa na machozi. Libuše alimsukumia inspekta sahani ya kolache, zile keki ndogo za harusi, za jamu ya plamu, zilizotoka tanurini asubuhi. Radana alikula mbili kwa ajili ya upelelezi, akaondoka na yale matone kumi na moja.

Duka la Květa lilikuwa chini ya kilima. Kuingia ilibidi uiname, maana taa zilishuka darini kama mashada ya zabibu. Květa, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, alipoyaona matone yale alikaa chini.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Basi." Alipumua. "Thuria ilikuja kwangu na mapengo kumi na moja. Nikayaziba. Haya yametengenezwa kwa mashine, juzi juzi tu. Yale mengine yamekatwa kwa mkono. Nilimwambia Vilém wazi, akasema haidhuru."

"Wewe unaweza kuyatofautisha?"

"Yakishachanganywa? Kwa lenzi, na nusu siku nzima."

"Mwizi ameyatoa yote kumi na moja, bila kukosea, katika muda wa kujaribisha suti."

Květa alivua miwani ya puani. "Basi huyo si mwizi, Radana. Huyo ndiye aliyeyakata yale mengine."

"Ni nani?"

"Jina sijui. Taa ilitoka shule ya ufundi wa kioo, kazi ya mtihani ya mwanafunzi. Chini ya bakuli la katikati pamechongwa herufi na mwaka. *L – V, 1966.* Vilém aliziona hapa hapa dukani. Alisimama chini ya ile taa kama aliyepigwa radi, kisha akaniambia nikimwambia Libuše tutakosana."

Radana alitoka akiwa na herufi zile mbili tu kichwani, na wakata kioo wa mji ule walioanza kazi miaka ile na bado wako hai alikuwa akiwajua wote. Mwenye L hakuwapo; mwenye V alikuwa mmoja.

Fundi Vlastimil aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Libuše. Mlango wa banda lake ulikuwa wazi. Gurudumu lilikuwa likizunguka, lakini hakuna kilicholigusa. Mzee alikuwa amekaa mbele yake, bakuli la kioo mapajani, aproni imejaa vumbi la waridi. Matawi manane yalilala juu ya blanketi, kila moja limefungwa gazeti.

"Zima mashine, fundi."

Akaizima.

"Unajua kwa nini nimekuja?"

"Najua. Ningekuja mwenyewe kesho, na taa nikairudisha."

"Ungeirudisha bila herufi?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nimeliwasha gurudumu mara tatu. Mkono unakataa kuzifuta."

"L ni nani?"

"Inspekta, tafadhali."

"L ni nani?"

"Libuše." Alilitaja jina lile polepole. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitaka kumwonyesha siku ya maonyesho ya shule, nikashindwa. Taa ikauzwa, mimi nikanyamaza. Jumanne kaniletea kolache za harusi, kaniita nikaone balaa alilonunua Vilém. Nikainua macho. Nikaiona kazi yangu! Siku Vilém atakapoifuta vumbi, ataona herufi ya mkewe karibu na ya mwanamume mwingine. Ningewaharibia nyumba kabla hawajaianza."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Nikaiba. Andika hivyo. Na yale matone ya mashine sikuweza kuyaacha kwenye kazi yangu. Aibu."

Mlangoni palisikika kikohozi. Libuše na Vilém walikuwa wamesimama pale, wamesikia kila neno. Květa naye alikuwa amemkisia mkataji, akawapigia simu. Libuše bado alikuwa na unga vidoleni.

Vilém alisogea mbele. Alilitazama bakuli, akamtazama fundi, akaanza kucheka mpaka akashika fremu ya mlango. "L na V! Mjinga mimi! Nilidhani ni Libuše na Vilém! Nilisema, hii taa ilitungoja sisi zaidi ya miaka hamsini! Nilitaka nimwonyeshe Jumamosi, mbele ya wageni wote!"

Radana alijaribu kubaki askari. Alishindwa. Hata Vlastimil alitabasamu, machozi yakimtiririka.

Libuše peke yake hakucheka. Alipapasa herufi kwa kidole.

"Mwaka ule, kila dansi ya Jumamosi," alimwambia fundi, "nilikaa kiti cha karibu na wewe. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Nilidhani ni kwa ajili ya dirisha. Wewe ulipenda hewa."

"Hewa!" Libuše alimpiga kofi la bega, vumbi la waridi likaruka. "Mwaka mzima napigwa na baridi dirishani, nakungoja uniombe kucheza!"

"Kwa uoga wako nakushukuru sana, fundi," alisema Vilém, akijifuta macho. "Inspekta, sina malalamiko. Taa irudi, na mnyororo aufupishe, mke wangu atakuja kupasuka kichwa. Herufi zibaki. Sote ni V."

Radana alifunga daftari lake.

"Na Jumamosi uje," Vilém aliendelea, akimkazia Vlastimil macho. "Utacheza naye wimbo mmoja. Mmoja tu! Wa pili ni wangu."

Fundi alianza kujifuta mikono kwenye aproni, akizidi kuichafua. "Wimbo gani?"

"Mrefu," alisema Libuše.