Kamba Iliyofungwa Juu

Harith na kaka yake Abdulqadir walikuwa na shamba moja karibu na Mtangawanda, kisiwani Pate. Kati ya minazi na mikanju, yaani mikorosho, walipanda ufuta. Kwa miaka mingi walilima kwa jembe la mkono, na migongo yao iliijua kazi hiyo. Kisha wakanunua trekta dogo lenye mashine ya kukata majani.

Siku trekta lilipoteremshwa gatini, dua ilisomwa na watu wakala halwa. Harith alilipangusa kwa kitambaa mpaka likang'aa. Mkewe, Hindu, akamtania.

"Mimi siyapanguswa hata vumbi tangu unioe."

"Wewe huna vumbi, Bi Hindu," Harith akajibu, na wote wawili wakacheka.

Nyuma ya kiti cha trekta palisimama upinde wa chuma, mrefu kupita kichwa cha dereva. Harith alipopita chini ya mikanju, upinde ulikwama kwenye matawi. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili alichoka. Hakukata matawi. Alifungua nati, akauweka upinde ghalani.

"Hiki ni chuma cha pambo tu," alisema. Mkanda wa kiti nao aliukalia.

Katikati ya shamba palikuwa na kisiki cha mnazi wa zamani. Asubuhi moja ndugu hao waliamua kuking'oa. Abdulqadir alikuwa baharia wa vyombo vya mizigo kabla ya kurudi shambani. Alijua nanga ikikwama mwambani hung'olewa vipi. Kamba hufupishwa mpaka isimame wima, kisha huvutwa kwa juu. Basi alikifunga kisiki vivyo hivyo. Ncha moja aliifunga kisikini. Ncha ya pili aliifunga juu, chini kidogo ya kiti cha trekta. Kamba ikawa fupi.

"Vuta sasa," alisema. "Kitatoka kama nanga."

Harith akatia gia, akakanyaga mafuta. Kisiki hakikutikisika. Magurudumu ya mbele yakanyanyuka. Kabla Abdulqadir hajapiga ukelele, trekta lilikuwa limepinduka chali, na Harith alikuwa chini yake.

Walimzika siku ile ile, baada ya sala ya alasiri.

Watu walijaa matangani. "Ajali haina kinga," walisema. Wengine walinong'ona kwamba ni jicho la hasidi, kwa sababu trekta lilikuwa jipya. Abdulqadir alipokea rambirambi. Hakuna aliyemuuliza kamba ilifungwa vipi. Hindu akaingia eda, akakaa ndani. Trekta likainuliwa, likafunikwa kwa makuti, na majani yakasonga shamba ambalo watoto wa Harith walilitegemea kwa chakula.

Ndipo Chelangat alipokuja kutoka Mokowe. Alikuwa mwanamke wa bara, afisa wa mashine za kilimo. Alipita shambani kwanza, akaliangalia trekta. Kisha akaenda kutoa pole. Kwa kuwa ni mwanamke, alikaribishwa ndani alikokaa Hindu. Abdulqadir alikaa upande wa pili wa pazia.

"Pole sana, mama," Chelangat alisema.

"Ni kazi ya Mungu," Hindu akajibu. "Lakini nataka kuyua. Hawa hunambia jicho, hawa hunambia ajali. Wewe umeliona trekta. Nambia, mume wangu mefa kwa nini?"

Chelangat akajibu. "Mambo ya Mungu siwezi kuyasema mimi. Ya trekta naweza. Trekta huvuta kwa mkono wa chuma ulio chini kabisa, huko nyuma. Ukifunga kamba hapo, pua yake hubaki chini. Ukiifunga juu, na kitu kikakataa kutoka, magurudumu ya nyuma hushindwa kwenda. Nguvu ya injini hulinyanyua trekta lenyewe. Linapinduka upesi sana. Dereva hawezi kuruka."

"Na kile chuma cha ghalani, alichokifungua kwa sababu ya matawi?" Hindu akauliza.

"Kile ni kinga ya dereva. Trekta likipinduka, upinde unabeba uzito. Mkanda unamshika dereva asitupwe nje. Vitu hivyo viwili vinaenda pamoja. Upinde bila mkanda, dereva anatupwa. Mkanda bila upinde, anabanwa. Tawi likizuia, mama, tunakata tawi."

Hindu aliinama. Kisha akauliza polepole, "Kwani kamba ilifungwa yuu?"

"Ilifungwa juu. Alama yake bado iko."

"Shemegi," Hindu aliita kupitia pazia. "Nani alofunga kamba?"

Abdulqadir angeweza kusema ni Harith. Marehemu hajibu. Lakini hakusema hivyo.

"Ni mimi," alisema. "Niliifunga kama kamba ya nanga. Harith alinamini." Akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Hindu naye alilia. Hasira ilimpanda, na nani angemlaumu? Mwishowe akajifuta uso.

"Mungu na atusamehe sote. Chuma alikifungua yeye mwenyewe, na mimi nilimuona nisiseme neno. Sina la kukudai. Lakini jirani yetu Madi naye ana trekta, na chuma chake kiko tini ya kitanda. Enda ukawambie watu. Sema ni wewe ulofunga."

"Uso wangu nitautia wapi mbele ya watu?"

"Si umeutia mbele yangu?" Hindu akamjibu.

Ijumaa, baada ya sala, Abdulqadir alisimama nje ya msikiti. "Harith hakuuliwa na jicho," alisema. "Kamba niliifunga mimi, na niliifunga vibaya." Hakuna aliyecheka.

Kesho yake wenye matrekta walikusanyika shambani, na Chelangat akawaonyesha kazi. Walirudisha upinde na kukaza nati. Walikata matawi ya chini. Walilipita shamba lote kwa miguu, wakasimika kijiti chenye kitambaa cheupe kwenye kila shimo na kila kisiki. Waliokota mawe na vifuu vya nazi, kwa sababu visu vya mashine huvirusha kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Chelangat akawafunza na kanuni: watu wote hukaa mbali mashine inapokata. Hakuna abiria. Visu vikikwama, injini huzimwa kwanza, ndipo dereva ateremke. Na kile kisiki walikichimba kwa jembe, wakakata mizizi yake kwa shoka. Kamba haikuguswa.

"Trekta langu lishakuwa bibi harusi," Madi alinung'unika akiifunga nati ya mwisho. "Lafungwa kila mahali!" Lakini alifunga.

Abdulqadir alilima tena. Alipokuwa akipanda kitini, alisoma bismillahi, akavaa mkanda, akatia gia. Ufuta ukaota, na nyumba ya Harith ikapata chakula.

Hindu alikuwa bado edani siku ambayo Sundus, mke wa Madi, aliingia mbio, buibui limemteleza begani.

"Bi Hindu! Trekta limepinduka na Madi!"

Hindu akamshika mkono.

"Gurudumu liliingia shimoni, shambani kwetu," Sundus alisema huku akihema. "Majani yalilifunika, hakuliona. Likalala ubavu. Chuma kilibeba trekta, mkanda ukamshika. Mekwaruzwa bega tu. Yuwaya huko nyuma, asema nije nikwambie wewe kwanza."

"Yuwaya kwa maguu yake?"

"Kwa maguu yake."

Hindu akamkumbatia Sundus. Alimlilia Harith, akamshukuru Mungu kwa ajili ya Madi, na machozi yalikuwa yale yale.